Kipande cha babu na daftari langu

Osmundi alisoma vizuri mpaka alipofika saa kumi na moja.

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo imekaa nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Mkeka barazani, viti vya plastiki vya kuazima kwa jirani, chupa mbili za chai ya tangawizi, na mikate ya kumimina niliyoumua tangu usiku. Injili ya Jumapili ile ilikuwa Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu. Mwenyekiti akampa mdogo wangu asome. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusali nasi tangu tuanue matanga ya baba.

Akasoma alfajiri. Akasoma saa tatu, saa sita, saa tisa. Akafika kwa wale wa mwisho, wanaulizwa mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi, nao wanajibu: kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri.

Hapo akanyamaza.

Si sana. Kiasi cha mtu kumeza mate. Kisha akaendelea mpaka mwisho, watu wakaitikia, mwenyekiti akaanza kufafanua. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai, sikusikia ufafanuzi. Ule ukimya ulinikaa kama mwiba wa samaki kooni, na hii ni wiki ya sita.

Kofia ya mjomba

Baba alifariki Juni. Wasia wake ni karatasi moja tu, mwandiko wa mjomba, mashahidi wanne, dole gumba la baba pembeni. Nyumba ni ya wote wawili. Shamba la machungwa la Muheza ligawanywe nusu kwa nusu, mpaka uanzie kwenye mnazi uliopinda.

Nusu kwa nusu.

Mimi nimemuuguza baba miaka sita, tangu kiharusi cha 2017. Osmundi aliondoka 2008, akiwa ameuza baiskeli ya baba, Phoenix, ili apate nauli ya Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite. Kwa mji mwingine mtu angesema baiskeli tu, lakini anayeijua Tanga anajua mzee asiye na baiskeli ni mzee aliyefungwa miguu. Alirudi mwaka huu, zikiwa zimebaki siku kumi na tisa baba afumbe macho. Ningependa kuandika kwamba basi lake lilifika saa kumi na moja, hadithi ingenoga. Lilifika saa nne usiku, na mvua, na hakuwa na hata mwavuli.

Wasia uliandikwa siku ya nne baada ya yeye kufika.

Siku ya arobaini, mjomba alipomaliza kuusoma mbele ya wanaukoo, niliingiza mkono kwenye kikapu nikatoa kaunta buku langu, nikaliweka katikati ya mkeka. Sikusema neno. Mjomba akaliangalia. Yeye ni Mbondei wa zamani, hana haraka. Akavua kofia yake, akaiweka juu ya daftari, akauliza kama chakula kiko tayari.

Safu ya kushoto

Nieleze hilo daftari.

Kazi yangu ni kushika mahesabu ya duka la vifaa vya ujenzi. Misumari kwa kilo, nondo kwa unene, mabati kwa futi. Siku baba alipotolewa wodini nilifungua kaunta buku jipya, nikapiga mstari katikati. Kulia, fedha. Kushoto, nani ametoa. Pampasi pakiti mbili. Dawa za presha. Bajaji kwenda na kurudi kliniki. Godoro, baada ya lile la kwanza kuoza upande mmoja. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika Yoshua bin Sira 3:12, yale maneno ya mwanangu, umsaidie baba yako katika uzee wake. Nilipenda zaidi yanayofuata, kwamba akili zikimpungukia umvumilie, na kwamba wema kwa baba hautasahauliwa. Kwa mtu wa mahesabu hiyo ni hati nzuri kabisa, ina ahadi ya malipo.

Kurasa mia moja na kumi na mbili, shilingi 11,846,500. Safu ya kushoto nzima, jina moja.

Ila kuna yasiyoingia kwenye safu yoyote. Kumnyoa, kwa mfano. Upande wa kulia wa uso wa baba ulikuwa umelegea, wembe ukipita ngozi inaufuata. Upande wa kushoto alijua mwenyewe kunisaidia: anausukuma ulimi ndani ya shavu, shavu linatuna, ngozi inakaza. Halafu nikihamia kulia namwona anajaribu vilevile, ulimi unakataa, naye ananitazama kwa jicho moja kama mtoto aliyekosea jibu. Kila Jumapili kabla ya misa ya kwanza, miaka sita.

Osmundi alipokuja alimnyoa mara mbili. Ya kwanza akamkata kidevuni. Baba akacheka mpaka povu la sabuni likamwingia puani. Mimi nilikuwa mlangoni na taulo, na sikucheka.

Saa zetu

Mabara mengine wakisoma habari ya vibarua hawa inabidi waelezwe kwanza saa kumi na moja ni saa ngapi. Sisi hatuelezwi. Mathayo anahesabu kama bibi zetu walivyohesabu, jua likichomoza unaanza moja. Saa kumi na moja unaijua mwilini: kivuli cha mnazi kimelala chote, jua linaielekea Usambara, wauza samaki wa Deep Sea wameshaanza kupunguza bei. Saa moja tu imebaki giza liingie.

Kwa hiyo tunajua pia uzito wake. Mtu anayekuja kazini saa hiyo hachelewi tu. Anakuja wakati wa kukusanya majembe.

Mwenyekiti wetu anasema wale ni watu wanaotubu mwishoni mwa maisha. Inawezekana. Lakini mama mmoja wa jumuiya, anayekaanga mihogo karibu na bandari, alikataa. Alisema yeye anawaona kila siku vijana wanaosubiri kibarua. Wa kwanza kuchukuliwa ni wenye mabega. Akija bosi wa pili anachukua waliobaki wenye mabega. Wanaofika jioni bado wamesimama ni mwenye kikohozi, mwenye mguu, na yule ambaye mnyapara ana neno naye. "Wavivu hawasimami kutwa," akasema. "Mvivu anarudi kulala saa nne asubuhi."

Nilimmiminia chai nyingine. Nilitaka anyamaze.

Vijumba vitatu

Kwenye sanduku la bati la baba, chini ya kadi ya ubatizo na risiti za kodi ya majengo, kuna kipande cha babu.

Wenye asili ya mashambani hawahitaji kuelezwa kipande. Kwa wengine kwa ufupi: karatasi ngumu yenye nafasi thelathini. Unamaliza kazi uliyopimiwa, unatiwa alama. Siku hukumaliza, hakuna alama. Unapewa posho ya unga ili usife, lakini mshahara ni mpaka alama thelathini zitimie, hata zikichukua zaidi ya mwezi. Babu alitoka Ungoni baada ya vita kuu ya pili, kwa lori na treni, kupitia Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 kuwakusanya vibarua wa mkonge. Watu wa pwani waliwaita manamba. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye: Mjerumani Hindorf aliuagiza Florida mwaka 1893, na miche iliyofika hai na kupandwa Pangani haikuzidi 62. Babu naye aliacha wenzake njiani. Alikuja na tabia tatu za kwao, yaani rozari, ugoro, na majina ya kitawa ya misioni ya Peramiho ambayo hapa Tanga hakuna anayeyaandika bila kukosea. Mdogo wangu ameshaitwa Osmani shuleni, hospitalini na kwenye kadi ya mpigakura.

Hiki kipande kilichomo sandukuni kina alama ishirini na saba.

Vijumba vitatu viko wazi. Babu aliugua kifua, hakumaliza. Baba alikuwa mtoto, na alisimulia hadithi hiyo kila mara kwa namna moja: jinsi mama yake alivyokwenda na karatasi ofisini, jinsi karani alivyoihesabu kwa ncha ya kalamu mpaka ishirini na saba, na jinsi alivyoirudisha. Si kwa ubaya, baba alikuwa akisema. Hesabu ilikuwa haijatimia.

Kisha baba mwenyewe akawa karani. Alianza mwaka 1968, Azimio la Arusha likiwa bichi na mashamba mengi yameshataifishwa, akihesabu marobota ya singa, yaani nyuzi za mkonge, pale korona, kiwanda cha kuuchakata. Alifanya mpaka kamba za nailoni zilipoiua bei ya mkonge na korona zikaanza kunyamaza moja moja. Kiinua mgongo ndicho kilichonunua Muheza. Miaka yote hiyo aliweka karatasi ya babu sandukuni, na sikuwahi kumuuliza kwa nini, kwa sababu nilidhani najua. Nilidhani ni ukumbusho wa dhuluma.

Sasa sina uhakika. Kumbukumbu la Torati 24 inaamuru kibarua alipwe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea. Ndiyo maana mwenye shamba wa Mathayo anamwita msimamizi jioni ileile. Dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa, chakula cha nyumba kwa siku moja. Ukimkatia mtu wa saa kumi na moja sehemu yake ya haki kwa saa alizofanya, umempa sehemu ya kumi na mbili ya mlo. Watoto wake watakula nini?

Watakula alama, kama baba na ndugu zake.

Nilikiangalia kipande kile usiku mmoja, nikaenda kulileta daftari langu, nikaviweka sambamba mezani chini ya taa. Mistari yangu ilikuwa mizuri zaidi. Mimi natumia rula.

Lakini kesho yake?

Nisijifanye nimekubali. Kuna jambo ambalo hakuna padri wala katekista aliyewahi kunijibu. Kesho yake alfajiri, nani atakwenda sokoni? Mimi ningekuwa mmoja wa wale wa kwanza, ningelala mpaka saa kumi jioni, nioge, nivae, niende kuajiriwa. Mwenye shamba angevuna na nani?

Na mtu hawezi kumuuguza mzee kuanzia saa kumi na moja. Mzee anajisaidia alfajiri.

Nilimwambia hayo Bi Mwanahamisi, jirani yetu ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akinishikia baba nikienda dukani. Alikuwa anachambua mchele. Akaniambia kumbe na nyinyi mnayo hiyo. Akanisimulia kwamba katika hadithi za Mtume wao imo habari ya walioajiriwa wakafanya mpaka adhuhuri, wengine mpaka alasiri, kisha wa mwisho wakafanya alasiri mpaka magharibi wakapewa maradufu ya wenzao. Wa kwanza wakalalamika. Wakaulizwa: nimewapunja chochote katika haki yenu? Wakasema hapana. Basi, hiyo ni fadhila yangu, nampa nimtakaye.

"Sasa wewe baba yako amekupunja nini?" akaniuliza, mkono ungali kwenye ungo.

Nikasema hakunipunja kitu.

"Basi umepata cha kwako, na cha mwenzio pia unakitaka."

Bi Mwanahamisi ana miaka themanini na ushee, humjibu. Niliinamia ule mchele, nikamsaidia kutoa mawe. Alikuwa sahihi, lakini hakuwa ameugusa mwiba wenyewe, na mimi nilijua ulipo.

Hapatikani

Nimefika pale ambapo nimekuwa nikipazungukia.

Mwaka 2019, Februari, simu iliita kwa namba ngeni. Alikuwa Osmundi. Sauti yake ilikuwa na vumbi, kama ya watu wa mashimoni. Akanisalimu, shikamoo dada, akauliza baba hajambo? Nilikuwa nimetoka kufua mashuka. Nikasema, anaendelea. Akasubiri. Mimi nikasubiri. Akasema, dada, nikija atanipokea? Nikasema, sijui, mimi si baba. Akasema basi, akakata.

Sikuihifadhi ile namba. Ilikaa kwenye orodha ya simu zilizopigwa siku mbili tatu, ikasukumwa chini na za wateja wa saruji, ikapotea.

Mwezi uliofuata baba alipata kiharusi cha pili, majina ya watu yakamtoka. La mama lilibaki, marehemu. La kwangu lilibaki nusu. Na alikuwa na neno moja, "Osi", analolisema jioni akiangalia mlango. Mwanzoni nilijifanya silielewi. Baadaye nilikuwa nikimjibu: hapatikani, baba.

Ni neno zuri, hapatikani. Halisemi nani alitafuta.

Miaka minne nilimjibu hivyo. Sikumpigia mtu yeyote wa Mererani, wala sikuomba litangazwe kanisani, na mjomba hakuombwa na mimi kuulizia. Mwaka huu mjomba, kwa akili yake mwenyewe, alimuuliza dereva mmoja wa malori wa Muheza, dereva akamuuliza mwenzake, na ndani ya wiki moja namba ikapatikana. Wiki moja.

Kwa nini? Nimejipa sababu nyingi. Ile baiskeli. Uchovu. Kumlinda baba asije akaumia. Zote ni za kweli kiasi, ila siku ile barazani Osmundi aliponyamaza niliiona ya kweli zaidi. Nilitaka safu ya kushoto ibaki na jina moja. Nilikwisha kuipenda ile safu. Jina la pili, hata la shilingi elfu tano ya vocha, lingeniharibia ukurasa.

Hakuna mtu aliyetuajiri. Nimesikia mistari hiyo tangu Komunyo ya kwanza, na siku zote nilijiweka miongoni mwa wale wa alfajiri, wenye jua la kutwa mgongoni na manung'uniko yenye haki. Haikunijia akilini kamwe kwamba mtu aliyesimama sokoni mpaka jioni pengine kuna aliyekaa njiani akawa anawaambia wenye mashamba: kule hakuna watu.

Kitini

Nilikwenda kitubio Ijumaa iliyofuata. Nikaungama hasira. Hasira ni dhambi nzuri ya kuungama, inakuja na sababu zake, padri anakuelewa, anakupa makumi mawili ya rozari na pole ya msiba juu. Nikatoka nje, nikasimama chini ya mwarobaini, nikajua nimekwenda kulipia daftari jipya.

Nikarudi ndani. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamejaa benchi zote mbili. Nikaondoka.

Jumapili jioni nikampigia Osmundi. Alisharudi Mererani. Nikamwambia yote kwa mfululizo, bila kupumua, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa: simu ya Februari, namba, Osi, mlango, hapatikani. Nyuma yake nilisikia jenereta na watu wakibishana mpira.

Akanyamaza. Safari hii ilikuwa ndefu, si ya kumeza mate.

"Nilijua," akasema. "Mjomba aliniambia siku ileile nilipofika. Kwamba baba alikuwa ananiita."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, dada? Wewe ndiye uliyekuwa unamnyoa."

Sikuwa na jibu na yeye hakulihitaji. Jenereta likazima kule, ikawa kimya kabisa, nikamsikia anapumua. Kisha akauliza wanunuzi wa Muheza mwaka huu wanatoa shilingi ngapi kwa chungwa, na kama ule mnazi uliopinda bado unazaa.

Nikamtajia bei. Kuhusu mnazi nikamwambia sijui, nitakwenda kuangalia.